Makala ni Usemi: Uasilia wa Uandishi na Haki ya Msomaji wa Kiswahili



1.0 Utangulizi

Mada ya mhadhara huu ni uandishi wa makala asilia zinazomfikia msomaji. Kwa kawaida mada hii hukatwa vipande viwili. Uasilia huachiwa wasimamizi wa tasnifu, ambao huupima kwa kuchunguza iwapo mwanafunzi amenakili kazi ya mwenziwe. Suala la msomaji huachiwa wahariri wa magazeti. Hoja yangu ni kwamba vipande hivi viwili ni kitu kimoja. Makala huwa asilia pale inapompa msomaji jambo ambalo hakuwa nalo. Na mwandishi hawezi kumpa jambo hilo iwapo hajajiuliza msomaji huyo tayari ana nini.

Neno lenyewe linatuelekeza. “Makala” limetokana na Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa kitenzi chenye maana ya kusema. “Asili” nalo limetoka katika lugha hiyohiyo, likiwa na maana ya shina au chanzo. Kwa hiyo makala asilia ni usemi wenye shina lake wenyewe. Na usemi, kama tujuavyo, haukamiliki bila ya msikilizaji.

2.0 Sarufi Inavyomtambua Msomaji

Wanaisimu wa Prague, miongoni mwao Vilém Mathesius, walionyesha katika karne ya 20 kwamba sentensi hubeba taarifa za namna mbili: ile inayochukuliwa kuwa inajulikana na ile iliyo mpya. Kiswahili kina nyenzo za wazi za kutenganisha taarifa hizo. Chukua sentensi “Nimesoma kitabu” na “Nimekisoma kitabu”. Ya kwanza yaweza kukitaja kitabu kwa mara ya kwanza. Ya pili, kwa kiambishi chake cha yambwa -ki-, kwa kawaida humchukulia msikilizaji kuwa anakifahamu kitabu kinachozungumzwa. Kadhalika vioneshi: “kitabu hiki” kiko karibu, “kitabu kile” kiko mbali, na “kitabu hicho” mara nyingi ni kile tulichokwisha kukitaja.

Maana yake ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili hukadiria maarifa ya mwenziwe katika takribani kila sentensi, bila hata kujitambua. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akishika kalamu kuandika makala ya kitaaluma, huacha kukadiria. Huanza kwa kutuarifu kwamba lugha ni chombo cha mawasiliano, jambo ambalo hakuna msomaji wa jarida la isimu asiyelijua. Kisha, katika aya ya pili, hutaja “nadharia hiyo” kabla ya kutueleza ni nadharia ipi. Makosa haya mawili yana chanzo kimoja: mwandishi hana msomaji akilini mwake.

3.0 Shina la Uasilia

Wanafunzi wengi hudhani kuwa uasilia ni kupata mada ambayo haijapata kuandikwa na mtu yeyote. Mada za namna hiyo ni adimu, na nyingine hazijaandikwa kwa sababu hazina faida. Shina la uasilia ni swali mahususi, likijibiwa kwa ushahidi ambao mwandishi ameukusanya na kuupima mwenyewe.

Nitoe mfano. Makala yenye kichwa “Umuhimu wa Kiswahili Afrika Mashariki” imeandikwa mara nyingi, na anayeiandika tena hulazimika kurudia ya wenzake hata kama hakunakili sentensi moja. Sasa mfikirie mwanafunzi anayeketi katika gereji kwa majuma matatu na kusikiliza mafundi. Vitabu vingi vya sarufi huliweka neno “gari” katika ngeli ya LI-YA. Hivyo tunafundishwa kusema “gari langu”. Lakini wasemaji wengi husema “gari yangu”. Je, fundi mmoja hutumia maumbo yote mawili? Hubadilika anapozungumza na mteja mgeni? Na “klachi”, “plagi” na “kabureta” hupewa upatanisho gani? Ngeli imekwisha kuandikwa mno, lakini makala itakayotokana na gereji ile itakuwa na shina. Isitoshe, itakuwa na wasomaji: mwalimu anayesahihisha “gari yangu” kila siku darasani atataka kujua.

4.0 Lugha Isiyokuwa na Mwenyewe

Kizuizi kingine ni lugha yenyewe tunayoandikia. Wengi wetu husoma kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili, na katikati ya safari hiyo hubeba mizigo isiyotuhusu. Tunaandika “mwisho wa siku” tukikusudia “hatimaye”. Lakini kwa msomaji asiyejua Kiingereza, mwisho wa siku ni magharibi. Tunaandika kwamba lugha “inacheza nafasi”, naye anajiuliza ni mchezo gani. Tena leo zipo programu za kompyuta zinazotunga makala nzima kwa dakika chache. Programu hizo hazijaketi gereji. Mwandishi ambaye naye hajaketi popote atapata shida kueleza kazi yake inatofautiana vipi na ya mashine.

Hatuanzii patupu. Jarida la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa la serikali ya kikoloni. Hata hivyo wasomaji walilifanya uwanja wao, wakipeleka barua na mashairi na kujibizana humo. Shaaban Robert alichapisha Kielezo cha Insha mwaka 1954. Nathari ya kueleza na kujadili ina historia katika Kiswahili, na anayeitafuta ataikuta.

5.0 Hitimisho

Kwa nini jambo hili lituhangaishe? Kwa sababu data zetu ni maneno ya watu. Fundi, mvuvi na mama muuza samaki hutupa muda wao na lugha yao. Tukiyarudisha maneno hayo katika makala ambayo hata mtoto wao aliyefika chuo kikuu hawezi kuimaliza, tumewafanya kuwa vitu vya kuchunguzwa, si washiriki wa elimu. Kuandika kwa Kiswahili peke yake hakutoshi kuondoa dhuluma hiyo.

Nawausia wanafunzi kwamba, kabla ya kuandika ikisiri, mwandike majibu ya maswali mawili: Msomaji wangu anajua nini? Nimeona nini ambacho yeye hajakiona? Jibu la kwanza likikosekana, makala haitamfikia mtu. La pili likikosekana, bora kurudi uwandani kuliko kuendelea kuandika.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Makala ni mgeni katika nyumba ya msomaji, na ni haki ya mwenyeji kuuliza ameletewa nini.