Leseni Ukutani, Mtoto Migombani

Mgeni wa serikali akifika kwenye makao ya watoto hupewa kitabu cha wageni asaini. Huonyeshwa leseni iliyotundikwa ukutani, bweni lililofagiliwa, na watoto wakamwimbia. Ningekuwa mkaguzi, ningeomba kitu kimoja tu: jalada la mtoto niliyemchagua mwenyewe. Nani alimleta? Ndugu zake wako wapi, na kuna mpango gani wa kumrudisha kwao? Jalada likiwa tupu, shuka mpya hazinisaidii.

Makao angalau yana mlango wa kubisha. Sheria ya Mtoto ya Tanzania, Na. 21 ya mwaka 2009, inataka yawe na leseni, na kanuni zake zinaeleza yaendeshweje.

Sasa toka mji wa Kayanga, wilayani Karagwe mkoa wa Kagera, uje hadi kata ya Ihembe. Mtoto anayehitaji jicho la serikali huku mara nyingi yuko kwa bibi, kwa shangazi au kwa baba wa kambo, katikati ya migomba na mibuni. Kagera inaujua ulezi huu kwa machungu: wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waligunduliwa mkoani humu mwaka 1983, na ukoo ndio uliobeba yatima. Wengi walilelewa vizuri. Lakini nyumba ya shangazi haiombi leseni, wala hakuna mkaguzi mwenye ratiba ya kuipitia.

Pengo hilo sheria imemkabidhi jirani. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa, au mlezi mwenye uwezo anamnyima chakula, matibabu au shule, aifikishe kwa serikali ya mtaa ya eneo lake. Hapo ofisa ustawi wa jamii humwita anayelalamikiwa. Simu 116 nayo hupokea taarifa bure. Na tangu mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, uanze mwaka 2017/18, kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto inatakiwa iwepo hadi kijijini.

Kutakiwa na kuwepo ni mambo mawili. Mtuhumiwa akiwa shemeji wa mjumbe wa kamati, shauri huambiwa liishie nyumbani, mbuzi akachinjwa, mtoto akarudishwa palepale. Nani anaikagua kamati?

Uingereza, taasisi yao ya ukaguzi, Ofsted, haiishii kwenye makao. Huingia pia kwenye halmashauri na kufungua majalada kuona taarifa ya mtoto ilishughulikiwaje. Hatuhitaji kuunda taasisi kama hiyo ili tuanze. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukaa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi kusomwa humo. Ukurasa mmoja ungeongezwa, bila jina la mtoto yeyote: taarifa ngapi zimepokelewa, ngapi zimemfikia ofisa ustawi, na ngapi zimeishia kwenye kikao cha ukoo.