Namna ya Kuachana na Tumbako

Labda wewe ni mtu wa kuvuta tumbako, na mara nyingi umesema, "Kesho nitaacha." Kesho ikafika, na mkono wako ukatafuta kiberiti tena. Usizani wewe ni mbaya kupita wengine. Ndani ya tumbako mna kitu kinachoitwa nikotini, nacho kinafunga mwili. Majani ya shamba lako yanacho vilevile, si sigara za duka tu.

Wengine wanatuuliza: Je, hakuna dawa ya miti? Iko moja iliyopimwa vizuri. Katika inchi ya Bulgaria, tangu mwaka 1964, watu wanapewa vidonge vya sitisini, dawa inayotoka katika mbegu za mti, nayo inatuliza hamu. Lakini mbegu zenyewe ni sumu, mtu asizitafune! Juu ya sindano za Wachina, wengi wanazisifu, lakini haijahakikishwa bado kwamba zinasaidia. Tangawizi, karanga, muwa: hivi vinashugulisha kinywa, na ni vema, lakini si dawa. Kuvuta majani mengine badala ya tumbako ni kazi bure, maana moshi wote unaumiza mapafu.

Mwaka 2024 Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri dawa na mashauri viende pamoja. Dawa inatuliza mwili, lakini haijui kwamba wewe unavuta kila mara ukikaa na rafiki fulani kisha kula. Hayo utayasema wewe. Chagua siku ya kuacha, uijulishe nyumba yako. Siku za kwanza utakuwa na hasira na kukosa usingizi. Bibi yako ajue mapema, asishangae. Hamu ikija, kunywa maji, ondoka pale, tembea. Baada ya dakika chache inapungua.

Na ninyi wazee wa kanisa, msimwaibishe mtu huyu mbele ya watu. Anayemficha mchungaji kiko chake atamficha munganga vilevile, hata akiwa na kifua kikuu, na tumbako inazidisha ugonjwa ule.

Ukija hospitalini, mwambie munganga kweli: unavuta mara ngapi kwa siku, na asubuhi ukiamka unangoja muda gani kabla ya kuwasha ya kwanza. Kwa majibu hayo atajua namna umefungwa, na dawa gani inakufaa.