Mzee Wetu Atunzwaje Nyumbani?

Tufikiri nyumba moja, wala si ya mbali. Ndani yake amelala bibi mzee ambaye miguu yake haimchukui tena. Watoto wake wako mjini kazini, nao si watoto wabaya: kila mwisho wa mwezi huleta fedha, wamemnunulia godoro na blanketi, tena wamemwajiri msichana wa kumpikia na kumfulia. Jirani akiuliza, “Mama hajambo?” hujibiwa, “Hajambo, hakosi kitu.” Siku moja mjukuu wake aja likizo, amgeuza apate kumwosha, naye aona kidonda nyongani, kipana kama kiganja. Katika nyumba ile hapana aliyemtakia bibi mabaya. Lakini hapana aliyemtazama.

Basi swali letu la mwezi huu ni hili: mzee akitunzwa nyumbani, tutajuaje kama anatunzwa vema?

Wengi wetu hupima kwa vitu: godoro, chakula, dawa, fedha. Vitu hivyo vyahitajiwa, wala tusividharau. Huko Zanzibar, tangu Aprili 2016, serikali humpa pensheni kila mwezi mzee aliyetimiza miaka 70, hata kama hakuajiriwa maisha yake yote. Nalo ni jambo la kushukuru. Ila fedha haina macho wala mikono. Itamnunulia mzee sabuni, lakini haitamwosha mgongo.

Wala tusidhani ya kuwa shida hii ni yetu peke yetu. Huko Uingereza wazee wengi hukaa nyumbani mwao, na watu wenye mshahara huwaendea kuwaosha, kuwavika na kuwalisha. Kwa muda mrefu palikuwa na malalamiko ya kuwa mara nyingi mtumishi hupewa dakika 15 tu kwa kila mzee. Je, mtu mwenye viungo vigumu aweza kuamshwa, kuoshwa, kuvikwa na kunywa chai kwa dakika 15? Ndipo mwaka 2015 taasisi ya nchi ile iitwayo NICE ilipotoa maongozi kwamba ziara isipungue nusu saa, ila kwa sababu maalum: mathalani mtumishi anayejulikana na mzee akipita kuangalia tu kama yu salama.

Nako Uholanzi walijifunza neno kubwa zaidi. Katika miaka ya 1990 kazi ya kuwatunza watu nyumbani ilikatwa vipande vipande. Kuosha kukawa kipande kimoja chenye dakika zake, kufunga kidonda kipande kingine, kuchoma sindano kipande kingine. Huyu alikuja kufanya hili, na yule lile, na mzee akafunguliwa mlango na nyuso ngeni siku hata siku. Kila kazi ilifanyika na kuandikwa, lakini mtu mzima mwenye jina lake akapotea katikati ya vipande.

Mwuguzi mmoja, Jos de Blok, alichoshwa na mambo hayo. Mwaka 2006 akaanzisha pamoja na wenzake wachache shirika liitwalo Buurtzorg, maana yake utunzaji wa ujirani. Mpango wake ni mwepesi kueleza. Wauguzi wasiozidi 12 hushika mtaa mmoja, na wenyewe hupanga kazi yao pasipo msimamizi wa kuwaamuru. Mwuguzi aendapo kwa mzee mara ya kwanza hakimbilii bakuli la maji. Huketi, hunywa naye kahawa, na kumwuliza: Uliishije? Ni nani akutembeleaye? Ni kazi gani uwezayo bado, na ni ipi utakayo kuiweza tena? Kisha huwatafuta watoto na majirani, ili kila mmoja ajue sehemu yake.

Watu wengi walisema ya kuwa njia hiyo ni ya gharama, kwa kuwa mwuguzi aliyesoma ndiye aoshaye na kuvika. Kweli, saa yake moja ina bei zaidi. Lakini ilionekana ya kuwa wagonjwa wake walihitaji saa chache kuliko wengine, kwani walifundishwa kujitegemea, na ugonjwa ulitambulikana mapema. Mpango ule ulioanza na watu wachache ukafikia maelfu ya wauguzi.

Basi, na sisi je? Nyumba nyingi za kwetu hazina mwuguzi wa kuja na baiskeli. Walakini yale yaliyofanya kazi kule hayauzwi dukani.

Kwanza, pawe na mmoja amjuaye mzee na kujibu kwa ajili yake. Wasaidizi waweza kuwa wengi, lakini mmoja ajue alikula nini, alilalaje, dawa ipi imekwisha. Daftari ndogo kando ya kitanda yafaa sana; kila amsaidiaye aandike mstari mmoja.

Pili, mwili wake utazamwe kila siku. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, na mto uwekwe kati ya magoti. Tazameni visigino, nyonga, mabega, na mwisho wa uti wa mgongo. Kwa ngozi nyeusi msingoje kuona wekundu: papaseni kwa mkono. Mahali palipo peusi kuliko pembeni, au pana moto, au pamekuwa pagumu, ndipo kidonda kinapoanzia. Msipasugue, mwondoleeni uzito mahali hapo.

Tatu, asilishwe akiwa amelala chali, bali aketishwe, chakula kisimpalie. Apewe maji kidogo kidogo mara nyingi, kwani mzee hasikii kiu kama kijana. Na akianza ghafula kupotewa na maneno au kutowatambua watu wake, msiseme, “Ni uzee tu.” Huenda ni ugonjwa wa kibofu au wa kifua, nao hutibika. Apelekwe kwa daktari upesi.

Nne, msimnyang'anye kazi aiwezayo. Akiweza kuchambua mchicha, achambue. Akiweza kuosha uso wake mwenyewe, mpeni maji na mngoje. Kumngoja mzee ni sehemu ya kumheshimu.

Tano, mwangalieni naye atunzaye. Mara nyingi ni mkamwana, au msichana wa kuajiriwa ambaye hakuna aliyemfundisha neno lo lote. Huamka usiku mara tatu, na mchana hulaumiwa. Mpeni mafundisho, usingizi, na ujira wake kwa wakati. Mtunzaji aliyechoka hafumbi macho kwa ubaya. Hufumba kwa sababu yamemwelemea.

Nanyi waalimu, mnao watoto wengi mbele yenu. Wafundisheni kumsomea babu barua, kumshika mkono aendapo chooni, na kuwasha taa usiku asianguke. Amri ya kuwaheshimu baba na mama twaijua sote kwa moyo. Mtoto huielewa kweli siku ile anapoitenda kwa mikono yake.

Turudi kwa bibi yetu. Kidonda kile hakikuzaliwa kipana. Juma chache kabla, kilikuwa alama ndogo tu, yenye moto chini ya kiganja, nayo ingalipona kwa kugeuzwa. Basi leo jioni, msomaji, ukiwa na mzee nyumbani, funua shuka, tazama, kisha uketi umwulize habari za siku yake. Na ukiwa mbali, unapopiga simu usiulize tu, “Fedha zimefika?” Uliza pia, “Ni nani aliyemgeuza leo?”