Uskoti: Nchi Iliyounda Meli za Ziwa Letu

Uskoti imekaa upande wa kaskazini wa kisiwa cha Britania. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 78,000 hivi, pamoja na visiwa zaidi ya 700. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.4, yaani hawafiki nusu ya wakazi wa lililokuwa jimbo letu la Bonde la Ufa. Mji mkuu ni Edinburgh, na mji mkubwa kupita yote ni Glasgow. Nchi hiyo iliungana na Uingereza mwaka 1707, na bunge lake likarejea 1999. Mlima wake mrefu kabisa, Ben Nevis, una mita 1,345, kwa hiyo mchuuzi wa mboga katika soko la Nakuru yuko juu kuliko kilele hicho kwa mita 500.

Mvua hunyesha karibu mwaka mzima na kondoo ni wengi kuliko watu. Chakula chao cha sifa ni haggis: moyo, maini na mapafu ya kondoo, vikikatwakatwa, vikachanganywa na oti na kuchemshwa ndani ya tumbo la mnyama. Anayekula mutura hatashtuka.

Ningeendelea hivyo eneo kwa eneo, kama nilivyokusudia nilipoondoka nyumbani, lau si Paisley.

Paisley ni mji ulio magharibi mwa Glasgow, karibu sana hata uwanja wa ndege wa Glasgow umelala ukingoni mwake. Umejulikana duniani kwa nyuzi za kushonea na kwa shali zenye nakshi ya tone lililopinda. Una kanisa la kale la watawa ambalo asili yake ni karne ya 12. Vitabu vya wageni huishia hapo. Lakini katikati ya mji hupita mto White Cart, mwembamba kiasi kwamba mtu akiitwa kutoka ng'ambo ya pili anaitika, nao huenda kumwagikia mto Clyde. Kando ya White Cart ilikuwako kampuni ya Bow, McLachlan, iliyoanzishwa 1872. Hapo ndipo zilipoundwa meli za mvuke za ziwa letu la Victoria: William Mackinnon, Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Rusinga na Usoga.

Nilipowauliza watu wa mji habari za meli, wengi walinijibu habari za nyuzi. Wajukuu wa watu walioiundia Kisumu meli zake za mvuke hawana habari ya Kisumu, nasi hatuna habari yao.

Tazama kazi ilivyofanywa. Meli iliundwa kwanza palepale kiwandani. Mkuku ulilazwa, mataruma yakasimamishwa, mabamba ya chuma yakashikizwa kwa nati na bolti badala ya kupigwa ribiti. Mafundi wakishahakikisha kwamba kila tundu limekutana na mwenzake, walitia alama kila kipande, kisha wakaifungua meli yote, kuanzia omo hadi shetri. Vipande vikafungwa, vikasafirishwa hadi Mombasa. Huko vikapakiwa kwenye mabehewa ya reli yenye upana wa mita moja, vikapita Voi na Nairobi, vikateremka Bonde la Ufa, vikapita Naivasha, Gilgil na hapa Nakuru, ndipo vikaanza kupanda tena: Njoro, Molo, Mau Summit. Mau Summit ni zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari. Kila meli, kabla haijagusa tone la maji ya ziwa, ilikuwa imepanda juu kuliko mlima wowote wa nchi iliyoizaa. Kisha ikateremka kupitia Londiani na Muhoroni hadi Kisumu, na huko mafundi wa reli, wengi wao kutoka Bara Hindi, pamoja na vibarua Waafrika, wakaanza kuitafuta alama ya kila bamba na kulipigilia ribiti za moto.

William Mackinnon ilipata taabu zaidi. Vipande vyake vilianza safari reli ikiwa haijafika ziwani (ilifika Desemba 1901), na sehemu ya njia vilibebwa na wapagazi. Ilishuliwa mwaka 1900. Jina ni la Mskoti mzaliwa wa Campbeltown, mwanzilishi wa kampuni iliyopewa hati ya kuitawala nchi hii mwaka 1888. Majina ya wapagazi hayakuandikwa kwenye meli yoyote, na jambo hili linanikera kila nikilikumbuka.

Wala si ziwa letu peke yake. Chauncy Maples, meli ya wamisionari wa Ziwa Nyasa, iliundwa Glasgow na Alley & McLellan mwaka 1899. Sultani Barghash wa Zanzibar aliagiza meli yake, iliyoitwa Glasgow, kwa William Denny wa Dumbarton. Waingereza waliizamisha mbele ya mji tarehe 27 Agosti 1896. Miaka ya 1960 kiwanda cha Yarrow, kule Scotstoun, kilituletea Victoria, kisha Umoja na Uhuru, meli zinazobeba mabehewa ya treni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Victoria na Umoja zilibaki Tanzania, Uhuru ikabaki kwetu.

Kabla ya Vita vya Kwanza, mto Clyde na vijito vyake vilitoa kama moja ya tano ya meli zote za dunia. Nilinakili tarakimu nyingine nyingi za tani na ajira, nikaziacha, maana hazinionyeshi bamba hata moja likipita Njoro. Biashara ilidorora baada ya vita, na mwaka 1930 wenye viwanda wakaunda kampuni ya kununua viwanda dhaifu ili vifungwe. Bow, McLachlan ilitoweka mwanzoni mwa muongo huo. Denny ilifungwa 1963, na Fleming & Ferguson, ya Paisley vilevile, 1969. Scotstoun bado wanaunda manowari.

Hata hivyo Waskoti wametunza. Kule Dumbarton, birika refu la Denny la kujaribia mifano ya meli, la mwaka 1883, limehifadhiwa kama makumbusho. Daftari za viwanda vingi ziko Chuo Kikuu cha Glasgow. Shirika la hisani limeorodhesha zaidi ya meli 30,000 zilizoundwa nchini humo, na zetu zimo. Sisi tuliiacha Usoga hadi ikazama gatini Kisumu. Watoto wa Nakuru wanafundishwa kwamba reli ilileta walowezi. Hawaambiwi kwamba ilipitisha meli nzima mbele ya stesheni yao.

  

Mwaka 2023 Uhuru II ilizinduliwa Kisumu, ikiwa imeundwa na mafundi wetu wakisaidiwa na Waholanzi. Kazi ipo, basi. Lakini walioiunganisha Uhuru ya kwanza sasa ni wazee sana, na waliobaki wako Kisumu, na pengine katika nyumba za reli hapa Nakuru. Hakuna haja ya kungoja serikali ijenge makumbusho. Mwalimu wa historia mwenye simu anaweza kuwafuata Jumamosi hii, arekodi majina yao, ya wasimamizi wao, na ya wenzao walioumia kazini.