LINDO LA SAA 24 MBELE YA KIOO

Askari yeyote aliyepata kushika lindo la usiku anaijua saa tisa. Ni saa ambayo mwili hudai usingizi kama mdai asiyekubali tena kupewa ahadi. Macho huona vivuli visivyokuwapo, na masikio huacha kusikia yaliyopo. Wakufunzi wetu katika chuo cha kadeti waliijua vema saa hiyo, ndiyo maana hawakuja kutukagua saa mbili za usiku, bali saa tisa.

Tumeikumbuka saa hiyo kwa sababu ya jambo ambalo pengine baadhi ya wasomaji wetu watalicheka: mashindano ya magari ya saa 24 yaliyokwisha bila injini hata moja kuwashwa.

Mji wa Le Mans, nchini Ufaransa, umekuwa na mashindano ya magari ya saa 24 tangu mwaka 1923. Mwaka 2020 mashindano hayo yalipangwa kufanyika mwezi Juni, lakini maradhi ya Korona yakafunga mipaka na viwanja, nayo yakaahirishwa hadi mwezi Septemba. Waandalizi hawakukubali tarehe ile ipite bure. Siku za 13 na 14 Juni waliyaendesha mashindano kwa njia ya kompyuta na intaneti. Magari yalikuwa 50, na madereva 200 kutoka nchi 37. Wengi wao walikaa majumbani mwao, kila mmoja mbele ya kioo cha kompyuta, mikono ikiwa juu ya usukani na miguu juu ya breki na mafuta.

Miongoni mwao walikuwamo watu wenye majina makubwa. Alikuwamo Fernando Alonso wa Hispania, aliyeshinda Le Mans ya kweli mwaka 2018 na 2019. Alikuwamo pia Max Verstappen wa Uholanzi. Bega kwa bega nao walikuwamo vijana ambao umahiri wao wote waliupata mbele ya kompyuta. Kanuni ziliagiza kwamba kila gari liwe na madereva wanne, na angalau wawili kati yao wawe madereva wa magari ya kweli.

SI MCHEZO WA WATOTO

Msomaji asidhani kwamba ulikuwa mchezo wa kubonyeza vitufe. Barabara ya Le Mans, yenye urefu wa kilomita 13.626, ilichorwa ndani ya kompyuta pamoja na kona zake zote. Matairi yalilika, mafuta yaliisha, giza liliingia na mapambazuko yakaja. Aliyegonga ukuta alilazimika kwenda kwa mafundi na kusubiri gari litengenezwe, huku wenzake wakimpita. Usukani wenyewe ulikuwa na mota ndani yake iliyoshindana na mikono ya dereva, hata misuli ikauma.

Walioshinda walikuwa wanne wa timu ya Rebellion Williams Esport: Louis Delétraz wa Uswisi na Raffaele Marciello wa Italia, ambao ni madereva wa magari ya kweli, pamoja na Nikodem Wiśniewski na Jakub Brzeziński wa Poland, ambao ni mabingwa wa kompyuta. Walikamilisha mizunguko 371, ambayo ni zaidi ya kilomita 5,000. Na baada ya saa 24 hizo zote, gari lililoshika nafasi ya pili lilikuwa nyuma yao kwa muda usiotimia sekunde 20.

Tuzitazame vizuri sekunde hizo. Katika safari ya kilomita 5,000, breki moja iliyokanyagwa kwa kuchelewa saa tisa ya usiku, au zamu moja iliyopokewa ovyo, ingetosha kuufuta ushindi wote.

MAKABIDHIANO YA ZAMU

Hapa ndipo sisi askari na polisi tunapopaswa kusogeza viti karibu. Hakuna mtu mmoja aliyeshinda mashindano yale. Hata dereva hodari kuliko wote alipaswa kuacha usukani na kumkabidhi mwenzake. Anayepokea alihitaji kujua hali ya matairi, kiasi cha mafuta, nani yuko mbele na nani yuko nyuma, na ni kona ipi inayomwadhibu mzembe. Tena madereva wengi walikabidhiana gari bila kuonana uso kwa uso, wakisikilizana kwa vipokea sauti tu. Aliyemaliza zamu alikwenda kulala akijua kwamba ataamshwa, na aliyeamshwa hakuwa na nafasi ya kunung'unika.

Mawasiliano ndiyo yaliyokuwa barabara yao halisi. Yakikatika, gari hutoweka hata kama dereva hakukosa lolote. Katika mashindano yale ya 2020 bendera nyekundu ilipandishwa mara mbili kwa sababu ya hitilafu za mitambo, na wote wakalazimika kusimama na kuanza upya. Katika mashindano ya Januari 2023, Verstappen, ambaye wakati huo alikwisha kuwa bingwa wa dunia mara mbili, alikuwa akiongoza ghafla mawasiliano yakakatika. Aliporudi alijikuta nyuma sana, akalalamika waziwazi, na hatimaye timu yake ikaliondoa gari mashindanoni. Mtu wa signali atakayesoma habari hii atatikisa kichwa kwa huzuni, kwani anajua maana ya kikosi shupavu kupotezwa na waya mmoja.

Wala si jambo geni kwa majeshi kujifunza kwa mitambo ya kuigiza. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alitengeneza mtambo wa kumfundisha rubani akiwa chini ardhini. Watu wengi waliuona kuwa kitu cha kuchezea katika viwanja vya maonyesho. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani kadhaa walipoteza maisha katika muda wa wiki chache kwa kuruka usiku na katika hali mbaya ya hewa. Hapo jeshi likanunua mitambo sita ya Link. Kitu kilichochekwa kikawa mwalimu.

DEREVA ASIYETAKA KUPOKEWA

Tuna sababu yetu ya kuyaandika haya. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika msafara wa malori uliosafiri usiku kucha. Lori la tatu lilikuwa na madereva wawili, kama inavyoagizwa. Yule wa kwanza alikuwa hodari na mwenye kupenda sifa. Kila tuliposimama, mwenzake alimwendea akamwambia, "Afande, nipokezane nawe." Kila mara alijibiwa, "Bado nina nguvu, kalale." Kabla ya alfajiri lori lile liliacha barabara taratibu, bila breki na bila honi, likaingia mtaroni. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyefariki. Lakini koplo mmoja aliyekuwa amelala nyuma alivunjika mkono mahali pawili, na mkono huo haukurudi kama ulivyokuwa.

Nasi hatuna haki ya kumlaumu dereva peke yake. Tulikuwa wakubwa wa msafara. Tulimsikia akikataa kupokewa, tukaona fahari badala ya kuona hatari. Amri ya maneno matatu, "Shuka, mwenzako apande," ingetosha. Hatukuitoa.

Katika mashindano ya Le Mans ya kompyuta zamu haikuachiwa ushujaa wa dereva. Ilikuwa ni sheria, na kiongozi wa timu aliisimamia kwa saa mkononi. Tofauti moja tu tusiisahau: aliyegonga ukuta mbele ya kompyuta aliinuka kitini akanywa chai. Sisi tukigonga, huwapelekea watu habari nyumbani. Ikiwa wao, ambao hawakuwa na cha kupoteza ila kikombe, walizilinda zamu zao kwa ukali kiasi kile, je, sisi tuliobeba roho za watu nyuma ya lori tuna udhuru gani?

Basi, ndugu zetu wa jeshi na polisi, mtakapopangiwa safari ya usiku, andikeni zamu za madereva kabla ya injini kuwashwa, kama mnavyoandika zamu za lindo. Na wewe dereva, mwenzako akija kukupokea, usimwambie kwamba bado una nguvu. Mweleze hali ya barabara, hali ya breki na kiasi cha mafuta kilichosalia, kisha mpishe.