Kilichorudisha Miti Shinyanga

Ukiuliza kwa nini Shinyanga ilifikia hatua ya kufananishwa na jangwa, jibu la haraka ni lile lile: watu walikata miti na ng'ombe walizidi. Si uongo, lakini halisaidii. Linamfanya mfugaji wa Kisukuma aonekane asiyejali ardhi inayomlisha, na dawa inakuwa semina na miche. Sosholojia inauliza jambo jingine: nani alikuwa na sauti juu ya ardhi hiyo, na sauti hiyo ilimpotea vipi?

Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilipambana na mbung'o kwa kufyeka vichaka, na watemi waliwatoa watu wao kwa maelfu kufanya kazi hiyo. Baadaye pamba ikadai mashamba mapya. Hata hivyo Wasukuma walikuwa na ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kwa ajili ya ndama, maksai na ng'ombe waliodhoofu. Nyingine zilikuwa za familia, nyingine za jumuiya. Kilichozuia mifugo ya jirani hakikuwa senyenge. Watu walijuana, mipaka ilijulikana, na aliyeivuka alijua atajibu kwa nani.

Ndipo ikaja Operesheni Vijiji. Kati ya 1974 na 1975 familia zilihamishiwa kwenye vijiji vipya, ngitili nyingi zikabaki huko nyuma bila wa kuzitazama. Nia ya kuwapelekea watu shule, maji na zahanati ilikuwa njema, nami siibezi. Lakini mti uliokuwa na mwenyewe ukawa wa atakayewahi na shoka. Tabia za watu hazikuharibika ghafla. Ujirani uliolinda nyasi ndio uliovunjwa.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ulitegemea vitalu vya miche, mingi ikiwa ya kigeni. Wanakijiji wao walielekeza macho kwenye ngitili. Chini ya ardhi mizizi na visiki vilikuwa bado hai, na eneo likiachwa lipumzike vinachipua vyenyewe. Ngitili zilizokuwa zikijulikana wakati huo zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000.

Sheria ndogo za vijiji ziliandikwa, ndiyo, lakini nguvu ilitoka kwenye dagashida, mkutano wa jadi unaopanga kanuni, na kwa sungusungu, walinzi wa kijiji wanaozisimamia. Anayeingiza mifugo kwenye ngitili iliyofungwa hutozwa faini. Akikaidi, hutengwa. Mtu anaweza kukopa akalipa faini, lakini akitengwa, nani atakuja msibani kwake? Nani atamsaidia kupalilia? Kwa anayeishi kwa kutegemea majirani, adhabu hiyo ni nzito kuliko barua yoyote ya ofisa misitu.

Hapo hapo ndipo penye dosari ninayotaka isemwe wazi. Wenye ng'ombe wengi ndio wenye ngitili kubwa, na maskini asiye na ardhi hujikuta akiomba ruhusa mahali alipozoea kupita. Kuni huokotwa na wanawake, ilhali dagashida kwa desturi ni baraza la wanaume. Kijiji kinapokaa kupanga ni lini ngitili ifunguliwe na nani aingie, wanawake hao wanapaswa kuwamo, tena wakiwa na kauli ya kuamua.