Mko ploti moja lakini hamvuti hewa moja: Hivi ndivyo moshi unaokula Nairobi hupimwa

Bro yangu ni makanga wa mat za Jogoo Road. Jioni akipangusa uso, kitambaa kinabaki cheusi. Akikohoa, mathe anasema ni baridi tu. Mi nikaanza kujiuliza, huyu msee anakula moshi kiasi gani kwa siku?

Noma kubwa inaitwa PM2.5. Hii ni vumbi ndogo isiyozidi maikromita 2.5. Unywele wako ni mnene kuiliko karibu mara 30. Pua haiwezi kuishika, so inashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na ingine inaingia kwa damu.

Sasa, mtambo ukiwekwa juu ya paa unapima hewa ya hapo kwa paa. Haujui kama uko ofisini ama umening'inia mlangoni nyuma ya lori la dizeli. Ndio maana watafiti humvalisha mtu kasensa kadogo karibu na mdomo. Feni inavuta hewa, leza inamulika vumbi, mwanga unaotawanyika unageuzwa kuwa namba. GPS inaonyesha ulikuwa wapi. Lakini hewa ikiwa na unyevu mwingi sensa za bei rahisi hudanganya, so lazima kwanza zilinganishwe na mtambo mkubwa.

Huna sensa? Piga hesabu. Chukua kiwango cha vumbi cha kila mahali, zidisha na masaa uliyokaa hapo, jumlisha zote, gawa na 24.

Mfano tu: kejani tuseme ni maikrogramu 20 kwa kila mita ya ujazo, barabarani 80, ofisini 8. Makanga akikaa barabarani masaa 14 na kejani 10, anapata 55. Jirani yake wa ofisi akikaa huko masaa 10 na kejani 14, anapata 15. Na hiyo 15 ndio Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema 2021 isipitwe kwa siku.

Bro hawezi acha job. Lakini hesabu ilituonyesha pa kupunguza. Jiko la makaa halipikiwi tena ndani ya keja, linabaki nje mpaka chakula kiive. Na pale mlangoni ametupa leso, kwa sababu haichuji PM2.5, akaanza kuvaa maski ya N95. Mabeste wanamcheka. Wacha wacheke.